Maswali ya Wasomaji: Miaka 21 ya Meya Daley pale Chicago

Toleo lililopita tuligusia mameya waliokaa muda mrefu, na barua nyingi zilizotufikia zinamuulizia mmoja tu: Richard J. Daley, aliyeapishwa kuwa meya wa Chicago, Marekani, Aprili 1955, akashinda chaguzi sita mfululizo, akafia madarakani Desemba 20, 1976. Tumechagua barua sita.

*

Shikamoo mhariri. Nasoma sayansi ya siasa. Kitabuni nimeona kwamba kisheria meya wa Chicago ni dhaifu na mwenye nguvu ni baraza la madiwani. Sasa Daley aliwezaje kulishika jiji lile miaka yote hiyo? Na je, hapakuwa na ukomo wa mihula?
— Msomaji, Dodoma

Marahaba. Ukomo hapakuwa nao, na mpaka leo Chicago haina. Muhula ni miaka minne, ukishinda unarudi. Kuhusu udhaifu wa meya, kitabu chako kiko sawa. Baraza lilikuwa na madiwani 50, mmoja kwa kila kata, na kamati yao ya fedha ndiyo iliyokuwa ikiandaa bajeti. Meya aliyetegemea sheria peke yake alikuwa mtu wa kukata utepe.

Daley hakutegemea sheria. Tangu 1953 alikuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic katika wilaya ya Cook, ambayo Chicago imo ndani yake. Alipogombea umeya alisema uenyekiti angeuacha. Hakuuacha mpaka anakufa. Hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote: kofia mbili kwenye kichwa kimoja. Diwani aliyetaka kumpinga meya barazani alijua kwamba huyohuyo meya, kwa kofia ya pili, ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nani apitishwe na chama uchaguzi ujao. Mikono ikawa inainuka pamoja.

Akiwa na mikono ile akaanza kuhamisha madaraka, kidogokidogo. Uandaaji wa bajeti ukatoka kwa kamati ya madiwani ukaenda ofisi iliyo chini ya meya. Halafu kuna jambo linaloonekana dogo ambalo sisi tunaliona kubwa. Mfanyabiashara aliyetaka kuvunja ukingo wa barabara ili magari yaingie uani kwake alihitaji kibali, na kibali kile kilikuwa mkononi mwa diwani. Wengi walikifanya kitegauchumi. Daley akakichukua. Raia waliona amepunguza rushwa, na kweli alipunguza. Lakini vilevile alimnyang'anya kila diwani kamfuko kake ka pembeni, akabaki anategemea fungu linalotoka juu.

Tena hakuwa mgeni wa mambo haya. Alizaliwa 1902 Bridgeport, mtaa wa wafanyakazi wenye asili ya Ireland jirani na machinjio makubwa. Alifanya kazi machinjioni, akasoma sheria usiku zaidi ya miaka kumi, akaipata digrii 1933. Alikuwa karani katika baraza la madiwani, mbunge wa jimbo la Illinois, seneta wa jimbo, mkurugenzi wa mapato wa jimbo, kisha karani mkuu wa wilaya. Pote alipopita alishika vitabu vya hesabu. Alishindwa uchaguzi mmoja tu maishani, wa usherifu (ukuu wa polisi) wa wilaya mwaka 1946. Alipofika kwenye umeya alikuwa na miaka 52, na bajeti alikuwa anaisoma mstari kwa mstari bila kusomewa.

*

Salamu kutoka Pwani. Watu husema Chicago kulikuwa na "mashine". Mashine hiyo ilikuwa kitu gani hasa? Nani alifanya nini, saa ngapi, kwa malipo gani? Naomba msijibu kijuujuu.
— Msomaji, Kisauni, Mombasa

Salamu zimefika. Anzia chini. Chicago iligawanywa katika vituo vya kura zaidi ya 3,000, kila kimoja kikiwa na wapiga kura mia kadhaa. Kila kituo kilikuwa na mtu wa chama anayeishi palepale. Msomaji wa Tanzania amfikirie balozi wa nyumba kumi; tutamwita mjumbe. Juu ya wajumbe kulikuwa na kiongozi wa chama wa kata, 50 kwa jumla. Juu ya hao, Daley.

Mjumbe hakulipwa na chama. Alilipwa na jiji, au wilaya, au mamlaka ya bustani: fundi wa taa, mkaguzi wa majengo, dereva wa lori la taka, karani wa mahakama. Kuipata kazi ile kulihitaji kimemo kutoka kwa kiongozi wa chama wa kata yake. Bila kimemo, ungekuwa na vyeti vya kujaza sanduku ungejibiwa kwamba nafasi zimejaa. Watafiti wengi wanakadiria kwamba kazi za namna hii zilipita 30,000. Sheria ya utumishi ilitaka watu wafanye mitihani, nayo ilizungukwa hivi: mtu aliajiriwa kama wa muda, siku 180, mitihani haiitishwi, na siku zikiisha anaongezewa nyingine. Wapo waliokuwa "wa muda" kwa miaka. Kwa mashine hiyo ilikuwa faida mara mbili, maana mtu wa muda hana pa kushtaki akiondolewa.

Sasa kazi yenyewe. Mwaka mzima mjumbe alipita nyumba kwa nyumba. Pipa la taka limetoboka, analeta jipya. Tawi limeangukia waya, anapiga simu kwenye kata. Bibi amekadiriwa kodi ya nyumba kubwa kupita kiasi, anamwandikia rufaa. Mengi ya haya yalikuwa haki ya raia bila kumshukuru mtu, ila yalipitishwa kwa mjumbe ili yaonekane ni fadhila.

Uchaguzi ukikaribia alichukua daftari la wapiga kura, akagonga kila mlango, akaandika: huyu wetu, huyu si wetu, huyu hajulikani. Tuseme kituo kina watu 450 walioandikishwa. Anakadiria 300 watapiga kura, na 220 kati yao ni wa chama. Anapeleka kata namba 220. Kiongozi wa kata anajumlisha vituo vyake vyote, anakwenda makao makuu kukaa na Daley uso kwa uso, anaitaja jumla ya kata. Daley anauliza palipomtia shaka: mara iliyopita kituo kile kilikuwa na hivi, mbona sasa pungufu?

Siku yenyewe mjumbe yuko kituoni tangu alfajiri na nakala ya daftari. Kila aliyepiga anafutwa. Mchana majina yaliyobaki yanagawiwa wasaidizi: huyu kafuatwe kwa gari, huyu mama hawezi kutoka, kaa na watoto wake nusu saa. Mashine za kupigia kura zilikuwa na mkono mmoja ambao ukiuvuta unawapigia wagombea wote wa chama kwa mpigo, na mjumbe alikuwa ameshawafundisha watu wake mkono ule ulipo.

Jioni ndipo hukumu. Wengi hudhani kosa lilikuwa kuleta kura chache. Kosa lilikuwa namba kutolingana. Aliyeahidi 220 akaleta 150 ni mwongo au mvivu. Aliyeahidi 220 akaleta 290 naye alikuwa matatani, kwa sababu maana yake hawajui watu wake, na safari ijayo kosa laweza kwenda upande wa pili. Namba ikipishana sana mara moja anaonywa. Ikizidi, kazi ya jiji inapewa mwingine.

Na ndiyo, palikuwa na wizi vilevile: majina ya waliohama na waliokufa, wasimamizi wa kituo wote wa upande mmoja. Hatufichi hilo. Lakini anayedhani mashine ile iliishi kwa wizi peke yake hataelewa ilidumuje. Iliishi kwa hesabu ya kila siku.

*

Mhariri, mimi niko Chicago mwaka wa nane, nilikuja nikitokea Kongo. Kazini kwetu wazee wazungu wanamsifu Daley kwamba jiji lilikwenda. Jirani zangu Wamarekani weusi hawataki kulisikia jina lake. Nani anasema kweli?
— Msomaji, Chicago

Wote wanasema walichokiona, ndugu yetu, ila hawakuonyeshwa jiji moja.

Walichoonyeshwa wazee wa kazini kwako ni hiki. Uwanja wa ndege wa O'Hare ulipanuliwa, Rais Kennedy akaja kuuzindua rasmi Machi 1963. Barabara kuu zilikatwa katikati ya jiji. Chuo Kikuu cha Illinois kilifungua kampasi mpya 1965. Theluji ilizolewa, taka zilizolewa, taa ziliwaka. New York ilipokaribia kufilisika mwaka 1975, Chicago ilikuwa inakopesheka. Hilo la mwisho lina siri yake: vitu vingi ambavyo New York ilivilipia mfukoni mwake, Chicago vilikuwa nje ya vitabu vya jiji. Hospitali ya umma ilikuwa ya wilaya. Shule, bustani, maji machafu na nyumba za umma kila kimoja kilikuwa na mamlaka na bajeti yake. Daley aliziongoza mamlaka hizo kwa njia ya chama, lakini madeni yao hayakuhesabika kuwa yake. Kwa hesabu alikuwa hodari, tunampa haki yake.

Jirani zako je? Nenda barabara ya State, upande wa kusini, mahali paliposimama Robert Taylor Homes. Yalikamilika 1962: majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, nyumba zaidi ya 4,000 kwenye ukanda mwembamba kando ya barabara kuu ya Dan Ryan. Karibu wakazi wote walikuwa weusi. Lifti ziliharibika, watoto wakawa wengi kuliko watu wazima, kazi hazipo karibu. Leo yote yamebomolewa.

Kwa nini yalijengwa pale, tena marefu vile? Tangu 1949 sheria ya jimbo ilitaka kila kiwanja cha nyumba za umma kikubaliwe na baraza la madiwani. Diwani wa kata ya wazungu akipelekewa pendekezo anakataa, wenzake wanamuunga mkono ili kesho wamuombe naye awaunge. Vilivyobaki ni viwanja vya kata zilizokwisha kuwa za weusi. Viwanja vichache, watu wengi, na ukomo wa gharama uliowekwa na serikali kuu: mjengo ukapanda juu. Wapangaji walikwenda mahakamani 1966 katika kesi inayojulikana kama Gautreaux, na 1969 jaji wa shirikisho akaamua kwamba viwanja vilichaguliwa kwa ubaguzi. Daley mwenye mikono 40 na zaidi barazani angeweza kuivunja desturi ile asubuhi moja. Hakuivunja, kwa sababu kata za wazungu zingemgeuka. Hili ndilo tunalomlaumu nalo kuliko yote.

Shuleni hali ilikuwa hiyohiyo. Shule za weusi zilijaa, za wazungu jirani zikiwa na madarasa matupu, na mkuu wa elimu Benjamin Willis badala ya kuwahamisha watoto akaweka vibanda vya madarasa uwanjani. Oktoba 22, 1963 wanafunzi zaidi ya 200,000 waligoma kwenda shule. Willis alibaki kazini mpaka 1966.

Mwaka huohuo wa 1966 Martin Luther King alihamia kwa muda mtaa wa North Lawndale, akabandika madai yake kwenye mlango wa ofisi ya jiji Julai 10. Agosti 5 alipigwa jiwe kichwani akiandamana Marquette Park. Daley hakumfanyia kama walivyofanya masherifu wa majimbo ya kusini, hakumfungulia mbwa. Alimkaribisha mezani, akakubali mambo mengi kwa maneno, mkataba ukafikiwa Agosti 26 bila kifungu cha kumbana mtu. King alipoondoka utekelezaji ukayeyuka. Aprili 1968 King alipouawa na mitaa ya magharibi ikawaka moto, Daley alisema hadharani kwamba polisi walipaswa kuua wachomaji na kuwapiga risasi za kulemaza waporaji. Jirani zako wenye umri wanaikumbuka kauli hiyo bila kusoma popote.

Cha kuumiza ni kwamba kura za weusi ndizo zilizomweka. Mwaka 1955 alipomng'oa meya Martin Kennelly katika kura za maoni, kata alizoziongoza mbunge mweusi William Dawson zilimbeba. Mwaka 1963 alipobanwa na Benjamin Adamowski akashinda kwa takriban asilimia 56, wachambuzi wanakubaliana kwamba wazungu walio wengi walimpigia mpinzani. Hatua iliyofuata ya sera yake ilikuwa kuwaridhisha wazungu wale waliomkimbia. Waliomwokoa alishawahesabu kuwa wa kwake.

*

Je, ni kweli Daley aliiba kura ili Kennedy apate urais mwaka 1960?
— Msomaji, Muscat

Kennedy alishinda Illinois kwa kura 8,858, na Chicago ndiyo iliyompa. Uchafu ulikuwepo katika vituo kadhaa. Lakini fanya hesabu: rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe maalumu wa majimbo (si wale wajumbe wa mashine); Kennedy alipata 303, na za kushinda zilikuwa 269. Ondoa 27 za Illinois, anabaki na 276. Alikuwa rais hata bila Chicago. Wanaoifuatilia habari hii kwa karibu watakuambia kwamba usiku ule Daley alikuwa na shughuli nyingine nyumbani: kumwondoa mwendesha mashtaka wa wilaya, ambaye alikuwa Adamowski huyohuyo, mtu wa chama pinzani mwenye uwezo wa kuichunguza ofisi ya jiji. Aliondoka.

*

Meya wetu huku akimaliza muhula hata jina hatulikumbuki. Kwa nini hatuwi na meya wa aina hiyo?
— Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

Kwa sababu kiti ni kingine. Tanzania meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, na yeye mwenyewe ni diwani. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye mtendaji mkuu na mwenye kusaini hundi, huteuliwa na Rais. Meya hawezi kumuajiri mzoa taka wala kumfukuza. Na baraza lenyewe laweza kuondolewa: Dar es Salaam iliongozwa na tume badala ya madiwani tangu 1996 hadi 2000, na 2021 halmashauri ya jiji ile ya zamani ikavunjwa, hadhi ya jiji ikapewa Ilala.

Wakenya wao tangu 2013 wana magavana wa kaunti wanaopigiwa kura na wananchi, wenye bajeti na ajira. Gavana wa Nairobi anamkaribia Daley kwa madaraka, ila katiba imemfungia kwenye mihula miwili ya miaka mitano.

*

Mashine yenye nguvu hivyo iliangukaje? Na huyu Richard Daley ninayemuona kwenye orodha ya mameya wa 1989 hadi 2011 ni nani?
— Msomaji, Arusha

Haikuanguka siku moja. Iliachia nati moja moja.

Nati ya kwanza ni vimemo. Wakili kijana, Michael Shakman, alishindwa uchaguzi mdogo 1969 akafungua kesi: kodi ya wananchi inalipa mishahara ya wapiga kampeni wa upande mmoja, huo ni ushindani gani? Mwaka 1972 ikapatikana amri ya mahakama inayokataza kumfukuza mtumishi kwa sababu za siasa. Kuajiri kwa kimemo kukapigwa marufuku 1983. Ukishindwa kumfukuza mjumbe aliyekosea namba, namba zinakosa maana.

Ya pili ni kata za weusi. Dawson alifariki 1970. Mrithi wake bungeni, Ralph Metcalfe, bingwa wa mbio wa Olimpiki na mtu wa Daley kwa miaka, alivunja naye 1972 kwa sababu ya ukatili wa polisi. Mwaka huohuo wapiga kura weusi walimkataa mwendesha mashtaka Edward Hanrahan, ambaye maaskari wake walimuua kiongozi wa chama cha wanaharakati weusi cha Black Panther, Fred Hampton, kitandani Desemba 1969. Walipiga kura kwa jina, si kwa mkono mmoja. Ukishajifunza kuchagua jina, mkono ule haukuvuti tena.

Ya tatu ni mahakama. Mwaka 1974 Thomas Keane, mwenyekiti wa fedha barazani na mtu wa pili kwa Daley, alitiwa hatiani kwa udanganyifu. Daley mwenyewe hakuwahi kushtakiwa. Aliishi mpaka mwisho katika nyumba ileile ya matofali, barabara ya Lowe, Bridgeport.

Ya nne ni urithi, na hapa alikosea vibaya: hakumuandaa mtu. Alipokufa ghafla kwa moyo akiwa kwa daktari, diwani mweusi Wilson Frost, kaimu mwenyekiti wa baraza, alisema yeye ndiye kaimu meya. Alikuta ofisi imefungwa na polisi mlangoni. Siku chache baadaye madiwani wakampa Michael Bilandic, diwani wa kata ya Daley. Frost akapewa uenyekiti wa fedha. Januari 1979 theluji ya karibu nusu mita iliangukia jiji, barabara hazikuzolewa, na treni zikaamriwa zipite bila kusimama katika vituo vya mitaa ya weusi. Watu walisimama kwenye baridi wakaziangalia zikipita. Mwezi uliofuata Jane Byrne akamshinda Bilandic katika kura za maoni, na 1983 Harold Washington akawa meya wa kwanza mweusi.

Unayemuona kwenye orodha ni mwanawe, Richard M. Daley. Alikaa miaka 22, akaipita rekodi ya baba Desemba 2010. Jina lilikuwa lilelile, mtambo tofauti: yeye aliendesha kampeni kwa fedha za wafadhili na matangazo ya televisheni, kwa sababu jeshi la wajumbe lilikuwa limekwisha. Wasaidizi wake walijaribu kurudisha vimemo kwa siri, usaili wa kazi ukawa unafanywa huku wa kuajiriwa wamekwisha kuamuliwa. Mwaka 2006 Robert Sorich wa ofisi ya meya alitiwa hatiani kwa hilo. Na mwaka 2008, jiji likiwa na pengo la bajeti, alizikodisha mita zote za maegesho ya magari kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa dola zaidi ya bilioni moja. Alipoondoka 2011 sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa imeshatumika. Wakazi wa Chicago wanaendelea kutumbukiza sarafu.